Uwezo wa waya wa umeme ndani ya ukuta uliojazwa pamba

Fundi akikuambia kwamba waya wa milimita za mraba 2.5 unabeba ampea 27, muulize: ukiwa umelazwa wapi? Hiyo ni namba ya waya uliobanwa juu ya ukuta, mahali joto linapopata njia ya kutoka. Waya huohuo ukiufukia ndani ya ukuta wa fremu uliojazwa pamba ya kuhami, unaweza kubaki na nusu tu ya uwezo huo. Kuhesabu upungufu huo kabla ya kuchagua waya na breka ndiko kushusha uwezo wa waya.

Ukuta wa fremu ni ule unaogawa vyumba kwa ndani: nguzo za mbao au za chuma chepesi, mara nyingi kila baada ya milimita 400 au 600, na bodi za jipsamu pande zote mbili. Uwazi wa katikati ndio njia ya nyaya. Ukiwa mtupu, mambo ni mepesi. Hesabu hubadilika pale mwenye nyumba anapotaka sauti za bafuni zisifike chumbani, uwazi ukajazwa pamba ya mawe au ya glasi.

Shaba, hata iwe nzuri vipi, ina ukinzani. Umeme ukipita, sehemu yake hugeuka joto, na mkondo ukiongezeka mara mbili joto hilo huongezeka mara nne. Likipata pa kutokea, waya hupanda nyuzi joto kiasi kisha hutulia. Pamba kazi yake ni kuzuia joto lisisafiri, nayo haibagui joto la chumba na joto la waya. Kwa hiyo shaba hupanda nyuzi nyingi zaidi kabla ya kutulia. Ganda la kawaida la waya, la plastiki iitwayo PVC, limekusudiwa shaba isiyozidi nyuzi 70 za Selsiasi. Ikizidi hapo, usitarajie moshi siku hiyohiyo. Ganda huzeeka kabla ya wakati wake, hukauka na kupasuka, na yote hayo hutokea nyuma ya bodi ambako hakuna anayechungulia.

Wengi hujifariji kwamba breka itakata. Breka hupima mkondo unaopita ndani yake. Waya uliofichwa mita kumi mbele una nyuzi ngapi, haijui. Ile ya ampea 20 itauachia waya ampea 20 mchana kutwa, hata kama pale ulipo waya haufai kubeba zaidi ya 13.5.

Hiyo 13.5 inatoka kwenye kanuni za Uingereza, BS 7671, ambazo zimeipa hali hii majedwali yake. Kwa waya bapa wa PVC wa 2.5, ni ampea 27 ukiwa umebanwa juu ya ukuta, 21 ukiwa ndani ya ukuta wenye pamba lakini unagusa bodi kwa upande wa ndani, na 13.5 ukiwa katikati ya pamba bila kugusa bodi. Ule wa 1.5 ni 20, 16 na 10. Tazama pengo la 21 na 13.5. Waya ni uleule, pamba ni ileile. Kilichobadilika ni kugusa bodi, ambayo hulipokea joto na kulitoa chumbani. Kwa hiyo namna ya kupanga pamba ni sehemu ya kazi ya umeme: pamba ikae nyuma ya waya na kuusukuma kwenye bodi, isije ikauzunguka.

Ila hapo pana mvutano. Waya ulio karibu na bodi uko karibu pia na skrubu ya mtu atakayetundika rafu baadaye. Kanuni hizohizo zinataka waya ulio chini ya milimita 50 kutoka uso wa ukuta upite wima au mlalo kutoka kwenye soketi au swichi inayoonekana, au ndani ya milimita 150 kutoka dari au kona ya kuta, na kwa kawaida ulindwe na kifaa cha miliampea 30 kinachokata umeme unapovuja. Kupitisha waya mshazari ili kuokoa mita mbili ni uzembe, sina neno laini zaidi.

Kununua waya mnene husaidia, lakini kidogo kuliko unavyodhani: wa 4 uliozungukwa na pamba ni ampea 17.5 tu, bado haufai kwa breka ya 20. Huohuo wa 4 ukigusa bodi ni 27. Paipu nayo hurahisisha kubadilisha waya siku za mbele, lakini haiondoi tatizo la joto, maana hewa ya ndani yake imetulia na nje imevikwa pamba ileile. Hata kipande kifupi kina athari: waya ukipenya pamba kwa milimita 100 tu, uwezo huzidishwa kwa 0.78, ikifika milimita 500, kwa 0.5.

Saketi ya taa za LED haina haja ya kukunyima usingizi, mkondo wake ni mdogo mno. Angalia hita ya maji, jiko na kiyoyozi, vitu vinavyovuta umeme mwingi kwa muda mrefu. Hita ya kilowati 3 kwenye volti 230 huvuta ampea 13, na ule waya wa 2.5 uliozama kwenye pamba umebakiwa na nusu ampea ya akiba. Ukifunganya nyaya kadhaa zenye mzigo katika tundu moja la nguzo, hata hiyo huipati.

Na kama kilichojazwa ukutani ni polistirini, lile povu jepesi la plastiki, badala ya pamba, usiache iguse ganda la PVC. Kilainishi kilichomo kwenye PVC huhamia kwenye polistirini, ganda likabaki gumu na rahisi kupasuka, hata kwenye saketi isiyopata joto kamwe.