Saratani ya mapafu: uvimbe mkubwa si lazima iwe hatua kubwa

"Dokta, imefika hatua ya ngapi?" Familia ikitoka Katuba au Ruashi na picha ya radio (eksirei) ya kifua mkononi, swali la kwanza ni hilo: saratani imeenea kiasi gani. Radio haiwezi kulijibu. Inaonyesha kivuli tu, na hapa Lubumbashi kivuli kwenye pafu kina majina mengi: kifua kikuu, nimonia, vumbi la mgodi la miaka mingi, saratani. Ni lazima kwanza kipande cha nyama kichunguzwe maabara. Aliyemeza dawa za kifua kikuu bila vijidudu kuonekana kwenye makohozi, na bado anakonda, asingoje amalize miezi yote sita.

Saratani ikishathibitishwa, tunatumia herufi tatu ambazo daktari wa upasuaji Mfaransa, Pierre Denoix, alizianzisha kati ya mwaka 1943 na 1952. T ni uvimbe wenyewe, ukubwa wake na ulichokishika. N ni tezi za limfu. M ni kusambaa mbali: ubongo, mifupa, ini, tezi zilizo juu ya figo. Zote tatu kwa pamoja ndizo hutoa hatua, kuanzia ya kwanza hadi ya nne. Toleo la 9 la mfumo huo limeanza kutumika mwaka 2025.

Hapo ndipo watu wanashangaa. Papa mmoja (baba mtu mzima) mwenye uvimbe wa sentimita 6, tezi zikiwa safi na hakuna kilichosambaa, yuko hatua ya pili, na upasuaji unaweza kuzungumzwa. Jirani yake ana uvimbe wa sentimita 2 tu, lakini maji yaliyojaa pembeni ya pafu yana seli za saratani: huyo ni hatua ya nne. (Maji hayo yapimwe kweli, kifua kikuu nacho huleta maji.)

Kwa hiyo mimi huanza na vidole, kabla ya skanari (CT scan). Ninapapasa juu ya mtulinga (mfupa wa mbele kati ya bega na kifua), karibu na shingo. Nikikuta tezi ngumu, sindano ndogo huvuta seli zake zikapimwe, na jibu moja linaweza kutaja ugonjwa na pia kuonyesha kwamba umeshafika angalau hatua ya tatu, upasuaji haufai tena. Ekografi (ultrasound) ya tumbo nayo huangalia ini kwa bei nafuu kuliko skanari. Skanari ya kifua bado inahitajika, ila tusikimbilie kuchukua nyama ndani kabisa ya pafu wakati kuna tezi inayoshikika kwa mkono. Na maumivu ya mgongo yanayoamsha usiku, au kichwa kinachouma upya, msiyafiche mkidhani ni habari nyingine: huenda ni saratani iliyosambaa.

Aina ya saratani ya mapafu iitwayo ya seli ndogo huenea haraka. Mara nyingi tunaigawa mafungu mawili tu: iliyobaki upande mmoja wa kifua, na iliyovuka.

Mkipelekwa Lusaka au Kinshasa, bebeni CD ya skanari na vipande vya biopsi (ile nyama iliyochunguzwa) vilivyohifadhiwa maabara, siyo karatasi ya majibu peke yake. Skanari ya miezi mingi nyuma itapigwa upya.