Silensa ikishuka, usikimbilie skurubu ya akseleta

Gari likizoea kuzimika kwenye foleni, mkono wa wengi huenda moja kwa moja kwenye skurubu inayosukuma wenzo wa akseleta pale kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Unaikaza nusu mzunguko, silensa (kasi ya injini usipokanyaga mafuta) inapanda, gari linatulia, mwenyewe anashukuru. Mimi skurubu hiyo huigusa mwisho.

Kwanza injini ipate moto, choki iwe imefunguka yote, chujio la hewa liwe mahali pake, gia huru. Ukirekebisha injini ingali baridi, kazi hiyo utairudia kesho.

Kisha natafuta hewa ya wizi, ile inayopenya bila kupitia kabureta. Napulizia kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye gasketi iliyo chini yake na kwenye mipira ya vakyumu. Mlio ukibadilika ghafla, hapo panavuja. (Dawa hiyo inawaka kama petroli, kwa hiyo usiikaribishe kwenye ekzosi yenye moto.)

Ndipo inafika zamu ya skurubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa. Injini ikiwa imezimwa, izungushe kwenda ndani kwa vidole viwili, ikigusa tu uache. Ukiilazimisha, ncha yake iliyo kama sindano inaharibika na haitaziba vizuri tena. Irudishe mzunguko mmoja na nusu, washa, halafu cheza nayo robo kwa robo, ukiipa injini sekunde chache iitikie. Pale mlio unapokuwa juu na laini kuliko kwingine kote, iache. Sasa shika ile ya akseleta, ushushe hadi kati ya mizunguko 700 na 900 kwa dakika, kadiri kibandiko cha ndani ya boneti kinavyosema.

Niliwahi kuletewa gari linalonguruma kwa 1,400. Skurubu ya mchanganyiko niliikaza hadi mwisho, injini ikaendelea kama sikuigusa! Aliyenitangulia alikaza ya akseleta mpaka kile kisahani kinachofunguka ukikanyaga mafuta kikabaki wazi, na injini ikawa inanyonya petroli kwenye vitobo vya juu yake. Jeti ya silensa yenyewe, kile kitundu kinachopitisha petroli ya silensa, ilikuwa imeziba kiasi. Niliipuliza kwa kompresa (waya hapana, unapanua tundu), nikalegeza ya akseleta. Ikakaa 800, na sasa ukigusa ya mchanganyiko robo tu, unausikia mlio ukibadilika.