Je, wajua kwa nini "26 kati ya 633" si kiwango cha kuhitimu?

Oktoba 2022 matokeo ya Shule ya Sheria Tanzania yalizunguka kwenye simu za watu: wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote ni 26 tu. Yaani asilimia 4. Mitandao ikawaka, na Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, akaunda kamati ya uchunguzi chini ya waziri wa zamani, Harrison Mwakyembe.

Ila wale 607 waliobaki hawakuwa kundi moja. Kati yao 342 walipata sapu, yaani mtihani wa marudio, na 265 walidisko, yaani waliondolewa masomoni. Mwanafunzi yeyote anajua tofauti yake: mwenye sapu bado ni mwanafunzi, aliyedisko anafunga begi. Mtu anaweza kupita masomo mengine yote, akateleza kwenye moja tu, naye akahesabiwa humo kwenye 342.

Kwa hiyo asilimia 4 ni ya waliofaulu kwa mkupuo mmoja. Waliobaki shuleni ni 26 na 342, jumla 368, sawa na asilimia 58. Waliohitimu? Siku ile hakuna aliyeweza kuwahesabu, maana sapu zilikuwa hazijafanywa. Kwa maoni yangu namba ya kutisha ilikuwa 265, lakini vichwa vya habari viliipenda 26.

Kwa nini waanguke wengi hivyo, na wote tayari wana shahada ya sheria? Chuo kikuu kinafundisha sheria inasemaje. Shule hii, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, inafundisha kazi ya uwakili yenyewe. Chukua hati ya kiapo, yaani ushahidi wa maandishi ambao mtu anauapia. Inatakiwa ibebe mambo ambayo mwapaji, yaani anayeapa, anayajua, na aseme yapi ameyajua mwenyewe na yapi ameambiwa na nani. Ukichomeka humo hoja za kisheria, upande wa pili utaomba aya hizo zifutwe, na kiapo kizima kinaweza kuanguka. Aliyezoea kuandika insha za chuo, zinazosifiwa kwa hoja, hapo ndipo anapokwama. Ongeza Kiingereza cha mitihani, katika nchi ambayo tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Lawama zilirushwa pande zote: kwa vyuo vikuu, kwa shule, kwa wanafunzi wenyewe.

Marekani wameliwekea jambo hili utaratibu. Chama cha Wanasheria cha nchi hiyo, ABA, ndicho kinachotoa ithibati, na kila shule ya sheria yenye ithibati yake inalazimika kutangaza kila mwaka wangapi wameondoka, ikitenganisha walioshindwa masomo, waliohamia shule nyingine na walioondoka kwa sababu nyinginezo. Utengano huo una maana kubwa, kwa sababu anayehama mara nyingi ni yule aliyefanya vizuri hadi shule yenye jina zaidi ikamchukua. Ukimchanganya na aliyefeli, umeipaka shule matope bure. Wanaoondoka bila kuhama wakizidi asilimia 20, shule inatakiwa ijieleze. Na kwenye mtihani wa uwakili, kanuni ya tangu 2019 inataka angalau asilimia 75 ya wahitimu walioufanya wawe wamefaulu ndani ya miaka miwili tangu kuhitimu. Kwa kipimo cha namna hiyo, wale 342 wangesubiriwa kwanza.