Nahodha aliyeficha maiti: safari ndefu ya nchi kupashana habari za magonjwa

Tarehe 19 Mei 1865, meli iliyobeba mahujaji wapatao 1,500 kutoka Jiddah ilitia nanga Suez, Misri. Nahodha alipoulizwa kuhusu afya ya abiria wake, alijibu kwamba melini hakuna mgonjwa. Baadaye ilibainika kuwa njiani zilikuwa zimetupwa baharini maiti zaidi ya mia moja. Siku mbili baada ya kutia nanga, nahodha mwenyewe na mkewe walikuwa hoi kwa kipindupindu.

Mwaka huo walihiji watu wapatao 90,000, na inakadiriwa kuwa 15,000 kati yao walifia Makka. Kutoka Suez mahujaji walipanda treni hadi Alexandria, na ugonjwa ukapanda nao. Ndani ya miezi mitatu Misri ilipoteza watu zaidi ya 60,000. Meli za mvuke zikauvusha hadi Marseille, Constantinople (Istanbul ya leo) na bandari nyingine za Mediterania, na mwaka uliofuata ukawa umefika New York.

Sisi tunaofanya kazi ya afya bandarini na mipakani tunamjua vizuri nahodha huyu. Angesema kweli, meli yake ingezuiwa siku nyingi, watu 1,500 wangehitaji chakula na maji, na safari iliyofuata ingempotea. Kusema kweli kulikuwa na gharama, na gharama ile ilikuwa yake peke yake. Historia yote ya ushirikiano wa mataifa katika afya ya umma naiona humo: ni jitihada za kumfanya nahodha aseme kweli, na serikali yake pia.

Kuzuia meli kulikuwa desturi ya kale. Dubrovnik ilianza mwaka 1377 kuwatenga wageni kwa siku 30 kwa kuhofia tauni. Venice ikaweka siku 40, na ndipo tulipopata neno karantini, kutokana na neno la Kiitaliano la arobaini. Lakini kila bandari ilijitungia sheria zake, na mara nyingi karantini ilitumika kumkomoa mshindani wa biashara.

Fujo hiyo ndiyo iliyoleta mkutano wa kwanza wa kimataifa wa afya, uliofunguliwa Paris tarehe 23 Julai 1851. Zilikuja nchi 12, kila moja na wajumbe wawili: daktari mmoja na mwanadiplomasia mmoja. Kila mjumbe alikuwa na kura yake, kwa hiyo daktari na mwanadiplomasia wa nchi moja waliweza kupingana hadharani. Walikaa karibu miezi sita. Matunda yake yalikuwa mkataba na kanuni zenye vifungu 137, ulioridhiwa na Ufaransa, Ureno na Sardinia tu. Mwaka 1865, mwaka ule ule wa nahodha wetu, Ureno na Sardinia zikajitoa.

Ni rahisi kuwalaumu, ila tukumbuke kwamba hawakujua wanapambana na nini. Wengine waliamini kipindupindu hutokana na hewa chafu ya matope na takataka, kwa hiyo karantini ni kazi bure. Daktari wa Uingereza katika mkutano ule, John Sutherland, alikuwa upande huo. Wengine waliamini ugonjwa hubebwa na watu. Hoja za kitabibu zilifuatana kwa karibu mno na masilahi: Uingereza, yenye meli nyingi na biashara kubwa na India, iliichukia karantini, na nchi za Mediterania zilizokuwa zikipokea ugonjwa kwanza ziliitaka. Mwaka 1854 Filippo Pacini alikiona kijidudu cha kipindupindu kwa hadubini huko Florence, na John Snow akaonyesha London jinsi maji ya pampu moja yalivyoua mamia ya watu mtaani. Miaka mingi ikapita kabla mikutano hii haijakubaliana nao.

Baada ya msiba wa 1865 mataifa yalikutana Constantinople mwaka 1866. Wengi walikubali kwamba kipindupindu hutoka India na husafiri na watu. Ufaransa ilipendekeza kwamba kikizuka tena Hijazi wakati wa hija, njia ya bahari kati ya bandari za Uarabuni na Misri ifungwe kwa muda. Mjadala ulikuwa mkali. Wajumbe wa Ulaya walikuwa wakipima namna ya kuwafungia mahujaji jangwani ili Ulaya isalimike, na waliokuwa wakifungiwa hawakuwa na kiti mezani.

Wakati wakijadiliana, ugonjwa ulikuwa ukitembea kwa miguu upande wetu. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar enzi za Sultani Majid, alishuhudia kipindupindu kikiingia kisiwani mwishoni mwa 1869. Alikaa akiwahoji wafanyabiashara na watu wa misafara, akaifuatilia njia ya ugonjwa: kutoka pande za Bahari ya Shamu, kupitia Uhabeshi, hadi nchi ya Wamaasai, ukashuka Pangani, kisha ukavuka kwa majahazi hadi Unguja. Alichapisha matokeo yake mwaka 1876. Hakuwa na maabara. Alichokuwa nacho ni maswali na uvumilivu. Katika mafunzo napenda kumtaja, kwa sababu kuuliza “ulitoka wapi, ulilala wapi, nani aliugua kwanza” bado ndiyo siku ya kwanza ya kazi yetu mlipuko unapotokea.

Mikutano ya Vienna 1874, Washington 1881 na Roma 1885 haikuzaa mkataba wowote uliotekelezwa, ingawa huko Washington Carlos Finlay wa Cuba alidokeza kwamba homa ya manjano inahitaji kitu cha tatu cha kuibeba kati ya mgonjwa na mzima. Mwaka huo huo akamtaja mbu. Karibu miaka 20 ilipita kabla ya kuthibitishwa.

Mambo mawili yalifungua njia. Robert Koch alikitambua kijidudu cha kipindupindu Misri na Calcutta mwaka 1883 na 1884, na ubishi wa hewa chafu ukaanza kukosa pumzi. Tena Mfereji wa Suez, uliofunguliwa 1869, ulikuwa umeifanya India jirani wa Ulaya. Mwaka 1892, huko Venice, mkataba wa kwanza wa kutekelezwa hatimaye ukapita, ukihusu meli zinazopita mfereji huo. Ilikuwa imechukua miaka 41. Mwaka uliofuata, Dresden, kikaja kifungu ninachokiona kuwa kikubwa kuliko vyote vya karne ile: nchi yenye kipindupindu iziarifu nyingine. Kwa upande mwingine wa mizani, wenzake wakaahidi kutozidisha hatua dhidi ya meli na mizigo yake. Kwa mara ya kwanza msema kweli alipewa sababu ya kusema. Mkataba wa Venice wa 1897 ulihusu tauni, na ule wa Paris wa 1903 ukaiunganisha yote iliyotangulia.

Mzigo wa utekelezaji uliendelea kuwaelemea mahujaji. Waliotoka kusini walisimamishwa kisiwa cha Kamaran katika Bahari ya Shamu. Waliorudi kaskazini walishushwa kambi ya El Tor, Sinai, kwenye mchanga na upepo. Mwaka 1905 Felix Gotschlich alichukua sampuli katika maiti za mahujaji pale El Tor ambao hawakuwa na dalili za kipindupindu, akakuta vijidudu vinavyofanana na vya kipindupindu. Wataalamu wakabishana zaidi ya nusu karne kama hiki ni kipindupindu au la. Kilipolipuka Sulawesi, Indonesia, mwaka 1961 na kuanza kusambaa, ilibidi kungojea 1962 ndipo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani utamke kwamba kijidudu hicho, kilichoitwa El Tor, ni cha kipindupindu na kanuni zinakihusu. Ndicho kinachosumbua Afrika Mashariki hadi leo, na jina la kambi ile huandikwa kwenye majibu ya maabara zetu.

Ofisi za kudumu zilikuja taratibu: ya mataifa ya Amerika, Washington, 1902, ya Paris, iliyokubaliwa Roma mwaka 1907, kisha Shirika la Afya la Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa wa leo, chini ya Ludwik Rajchman, Mpolandi. Hili la mwisho lilifungua kituo Singapore mwaka 1925 ambacho kilipokea kwa simu za maandishi taarifa za magonjwa kutoka bandari za Asia na Bahari ya Hindi, zikakusanywa kila wiki na kurudishwa bandarini. Afisa wa afya aliweza kujua kuna nini kule meli itokako kabla haijaonekana upeo wa macho, na hakulazimika tena kutegemea kauli ya nahodha.

Shirika la Afya Duniani lilizaliwa tarehe 7 Aprili 1948 na kurithi yote haya, pamoja na udhaifu mmoja: lilingoja serikali ziseme. Mwaka 1970 kipindupindu kilipofika Guinea na serikali haikukiarifu, shirika likatangaza lenyewe, jambo lililozua mtafaruku. Mwaka uliofuata ugonjwa uliripotiwa Kenya.

Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zimelihalalisha jambo hilo. Sasa shirika linaweza kufuatilia habari iliyotoka hospitali, gazetini au kwa watu wa kawaida, na kuiuliza nchi husika. Nchi ikiulizwa, inatakiwa kutoa jibu la awali ndani ya saa 24.