Kadi ya Mickey Mantle ya 1952 si kadi yake ya kwanza

Wakusanyaji wa kadi za zamani za besiboli (kadi ndogo zenye picha za wachezaji) nchini Marekani wanapobishana kuhusu kadi yenye hadhi kuu, wengi huitaja ile ya mchezaji Mickey Mantle iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, na mara nyingi huongeza kwamba ndiyo kadi yake ya kwanza. Dai hilo si sahihi. Mantle alianza kuichezea New York Yankees mwaka 1951, na mwaka huohuo kampuni ya Bowman ilitoa kadi yake namba 253. Ile ya Topps, namba 311, ilifuata mwaka mmoja baadaye.

Uhaba wake nao hutiwa chumvi. Ni kweli kwamba kundi la mwisho la kadi za Topps za 1952, ambamo kadi hii imo, lilifika madukani kwa kuchelewa, likauzika kidogo, na hatimaye masalio yake yakatupwa katika bahari ya Atlantiki. Hata hivyo, kwenye karatasi za kuchapishia kundi hilo kadi ya Mantle iliwekwa mara mbili, kwa hiyo nakala zake zilikuwa nyingi kuliko za wachezaji wengi waliomo humo.

Bei yake, ambayo mwaka 2022 ilifikia dola milioni 12.6 kwa nakala moja iliyohifadhika vizuri mno, inatokana zaidi na umaarufu wa Mantle na uzuri wa toleo lenyewe. Kwa maoni yangu, kadi ya Bowman inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa sasa.