Kabla hujamkanda mzazi

Wiki iliyopita niliitwa nyumba moja hapa Ngamiani, Tanga, saa moja asubuhi, kabla sijafungua hata duka. Nikaingia chumbani nikakuta ndoo ya maji yanafuka, taulo limezama ndani, na shangazi wa mzazi kajifunga kibwebwe tayari kwa kazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja wakati mzuri, njoo unishikie mabega yake asirukeruke."

Nikauliza kajifungua lini. Siku ya nne. Kajifunguaje? "Alipasuliwa," akasema shangazi, huku anakamua taulo. Mzazi mwenyewe alikuwa ananitazama mimi, si shangazi.

Nikamwomba aliweke taulo chini kwanza tuzungumze, na hayo mazungumzo ndiyo ninayoyaandika leo, maana kila mwezi nayarudia katika nyumba nyingine.

Mimi ni mtu wa tiba asili. Naishi kwa tangawizi, uwatu na mlonge, kwa hiyo msinisome kama daktari aliyekuja kuwabeza bibi zetu. Kukanda ni kitu kizuri. Mwanamke aliyebeba mimba miezi tisa mgongo umemchoka na miguu imemjaa, na maji ya moto na mikono ya mtu anayempenda humlegeza mwili akapata usingizi. Shida ni ile sababu tunayopewa: kwamba maji yanatoa "damu chafu" iliyoganda tumboni. Damu ya nifasi haiko ndani ikisubiri kusukumwa kwa taulo. Inatoka pale kondo lilipokuwa limeshika, ambapo ni kidonda kibichi, na kizazi hujisafisha chenyewe kwa kujikaza. Mara baada ya kujifungua kizazi kina uzito wa kilo moja hivi na unakigusa usawa wa kitovu. Ndani ya wiki sita kinarudi kuwa kitu cha kutosha kiganjani, chini ya gramu 100. Kazi hiyo haifanywi na ndoo.

Sasa mtie maji yanayochemka mwanamke mwenye mshono. Nimeona ngozi ya tumbo imebabuka, na nimeona mshono wa siku ya sita umefunguka kwa kukandamizwa. Kwa hiyo sheria zangu ni hizi: aliyepasuliwa haguswi tumbo, anakandwa mgongo, mabega na miguu tu. Maji unayapima kwa kiwiko chako mwenyewe. Ukishindwa kukiacha ndani huku unahesabu hadi kumi, na yeye hayawezi. Na kabla ya kugusa miguu, iangalie yote miwili. Ukikuta mmoja umevimba kuliko mwenzake, una joto na unauma kwenye shavu la mguu, usiuguse. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na ukiusugua bonge linaweza kukatika likaenda kwenye mapafu. Huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Shangazi akasikiliza, akaniambia, "Sisi tumezaa saba, tumekandwa mara saba, tuko hapa." Kweli. Ila yeye hakuwahi kupasuliwa hata mara moja.

Halafu akaleta la chango. Huku pwani chango ni neno linalobeba kila kitu: tumbo la hedhi, kutoshika mimba, hata mke mkali nyumbani utasikia ana chango. Lakini kwa mzazi, maumivu yale yanayomkunja kila mtoto akishika ziwa yana maelezo mepesi. Mtoto akinyonya, ubongo wa mama unaachia homoni ya oksitosini, inayotoa maziwa na papo hapo inakikaza kizazi. Ndiyo maana anayezaa mara ya tatu hulia zaidi kuliko wa kwanza: kizazi kilichokwisha kutanuka mara nyingi kinajikaza kwa nguvu zaidi. Akojoe kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa kinazuia kizazi kujikaza, kisha kitambaa cha uvuguvugu kama hana mshono, na chai nyepesi ya tangawizi. Siku tatu nne linapoa. Chango linalozidi badala ya kupungua, lenye homa na harufu mbaya, si chango. Ni maambukizi, na hapo nafunga kabati langu la dawa. Vivyo hivyo kwa pedi inayolowa chapachapa ndani ya saa moja, na kwa kichwa kinachopasuka huku macho yanaona maruweruwe, kwa sababu kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua.

Wale wanaouza vidonge vya kusafisha kizazi vya kuweka ukeni, na mimi nawajua wengine kwa sura, leo siwapi nafasi. Kidonda hakisafishwi kwa kutiwa majani. Tangu sheria ya 2002 tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muulize muuzaji cheti chake uone atakavyobadilisha mada.

Kuhusu maziwa, nianze na kosa langu. Miaka ya mwanzo alikuja mama analalamika maziwa hayatoshi, nikampa uwatu, nikamwongezea mwingine wiki ya pili. Mama akaanza kunuka uwatu hadi jasho, mtoto akazidi kukonda. Mkunga mmoja mstaafu ndiye aliyefanya kitu ambacho mimi sikukifanya: alikaa chini akatazama mtoto ananyonya. Alikuwa ameshika chuchu tu, si weusi wa ziwa. Akamgeuza, tumbo kwa tumbo, mdomo wazi kabisa, na siku mbili baadaye maziwa yalikuwa yanamwagika. Ziwa hutengeneza kadiri linavyomwagwa, hasa usiku. Uwatu bado nautoa, ila baada ya kutazama, na si kwa mjamzito, wala kwa anayetumia dawa za sukari au za kuzuia damu kuganda, wala kwa ambaye karanga au dengu humletea mzio. Na ile dang'a ya njano ya siku za kwanza isikamuliwe ikamwagwa, tafadhali. Asali mdomoni mwa mtoto pia hapana hadi atimize mwaka, hata ikiwa ya porini, hata ikiwa yangu.

Chakula hakina ugomvi. Uji wa pilipili manga wenye samli, mtori wa Wachagga, maini, dagaa, mchicha uliokamuliwa ndimu. Ninachokataa ni chai ya rangi juu ya chakula hicho. Inakamata madini ya chuma yasiingie damuni, na mzazi ametoka kupoteza damu. Ainywe saa moja baadaye.

Tulimaliza vipi Ngamiani? Maji yalikuwa yamepoa ya kutosha. Shangazi akamkanda mzazi mabega na mgongo, akiwa ameegemezwa kwa ubavu, na hata dakika kumi hazikufika akalala na mdomo wazi. Shangazi akakaa kwenye mkeka, akashika kiuno. Siku ya nne hajalala vizuri, anapika, anafua nepi, anabeba mtoto usiku. Ndoo ilikuwa na maji nusu bado. Nikamwambia ageuke.