Mtoto mwenye kipandauso hajifanyi

Mama anaingia kliniki na mwanawe wa darasa la sita. Hawajaketi, ameshaanza: "Daktari, huyu kichwa humuuma kila mara. Amepimwa malaria mara nne mwaka huu, hana. Macho yamepimwa, mazima. Mwalimu wake anasema anajifanya tu, hataki shule." Mtoto ameinama, kiganja kimeziba jicho lililoelekea dirishani. Kiganja hicho ndicho ninachokitazama kwanza. Kipandauso, yaani maumivu makali ya kichwa yanayojirudia (migraine), humfanya mtu akimbie mwanga na kelele, kikamletea kichefuchefu na hata kutapika. Kwa watoto mara nyingi huuma pande zote mbili za kichwa, ndiyo maana wengi hawakifikirii.

Shida huanza ninapomwambia mzazi kwamba mtoto atamwona pia mwanasaikolojia. Uso hubadilika. "Kwa hiyo mwanangu ana kichaa?" Hapana, mama. Maumivu yake ni ya kweli kama ya mguu uliovunjika. Ila ubongo unaouma ndio huohuo unaolala, unaoogopa mtihani na unaohuzunika. Wazee wetu walilijua hili waliposema kichwa kinawauma kwa mawazo. Naomi Breslau na wenzake waliwafuatilia watu wazima huko Detroit, Marekani, kwa miaka 2. Mwaka 2003 walichapisha walichokiona: mwenye kipandauso yuko kwenye hatari zaidi ya kupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na mwenye sonona yuko kwenye hatari zaidi ya kupata kipandauso.

Je, kumfundisha mtoto namna ya kukabiliana na maumivu kunapunguza siku za kuumwa, au ni maneno ya kumfariji tu? Swali hilo lilijibiwa kwa utafiti mjini Cincinnati, katika jimbo la Ohio, matokeo yakatoka mwaka 2013. Scott Powers na wenzake waliwachukua watoto na vijana 135 wa miaka 10 hadi 17 wenye kipandauso sugu. Kwa wastani waliumwa siku 21 katika kila siku 28. Hebu fikiria mtoto huyo anasoma saa ngapi.

Wote walipewa dawa ileile ya kila siku ya kuzuia kipandauso, amitriptilini. Kisha wakagawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata tiba ya fikra na tabia: kulegeza misuli, kupumua taratibu, kupanga siku kwa kiasi, kuigundua fikra ya "leo nimekwisha" na kuijibu. Kundi la pili lilipewa elimu kuhusu maumivu ya kichwa, kwa muda uleule na mtaalamu. Hapa ndipo utafiti huu ulipofanywa kwa akili, maana hakuna awezaye kusema kundi la kwanza lilipona kwa sababu tu lilipata mtu wa kuzungumza naye. Baada ya wiki 20, waliopata tiba ya fikra na tabia walikuwa wamepunguza siku 11.5 za kuumwa katika kila siku 28, wenzao siku 6.8. Waliopunguza nusu ya siku zao au zaidi walikuwa asilimia 66 upande mmoja, asilimia 36 upande wa pili.

Mwaka 2017 ukaja utafiti mwingine uliotushtua wengi, mimi nikiwemo. Amitriptilini na topiramati, dawa nyingine ya kuzuia kipandauso, zilishindanishwa na kidonge kisicho na dawa kwa watoto wenye kipandauso, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa dawa hazikuonyesha ubora wowote. Waliopata nafuu ya nusu au zaidi walikuwa asilimia 52 kwa amitriptilini, 55 kwa topiramati, na 61 kwa kidonge kitupu. Tafadhali usimwachishe mtoto dawa kwa sababu umesoma hili. Mwone kwanza daktari aliyemwandikia. Mimi ninachokichukua humo ni kwamba kidonge cha kila siku peke yake hakitoshi kuitwa tiba.

Jambo lingine linaniumiza. Mtoto hupewa panadol asubuhi na jioni, wiki nzima, kwa mapenzi tu ya mzazi. Dawa ya kawaida ya maumivu ikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, yenyewe inaweza kuwa chanzo cha kichwa kuuma. Kwa dawa zilizochanganywa, zikiwemo zenye kafeini, ni siku 10 tu.

Maumivu yaliyomjia ghafla kwa nguvu asizowahi kuzipata, homa na shingo kukakamaa, degedege, udhaifu wa upande mmoja, kutapika kila aamkapo, au kichwa kuuma baada ya kuanguka: hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Yule mtoto nilimpa kazi ya daftari: tarehe, saa alizolala, alichokula asubuhi, kichwa kimeuma au la. Alirudi baada ya wiki 4, kurasa zimekunjamana kwa kubebwa mfukoni. Tukazisoma pamoja, mama yake akifuatisha kwa kidole. Karibu kila siku iliyoandikwa "sijanywa chai" ilikuwa na alama ya kichwa. Basi la shule humpitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, anaondoka tumbo tupu. Tukaanza na hilo: uji kwenye chupa ya chai, na kulala saa tatu usiku.